Kutendua Data na Kutendua Muundo: Historia ya Kumbukumbu kutoka Cyangugu hadi Rusizi, Rwanda

Ikisiri

Makala haya yanachunguza kihistoria tofauti kati ya aina mbili za mabadiliko katika kumbukumbu za umma. Aina ya kwanza ni mabadiliko ya data, yanayogusa taarifa iliyojazwa. Aina ya pili ni mabadiliko ya muundo, yanayogusa safu, majina na ngazi ambamo taarifa hujazwa. Katika hifadhidata za kompyuta, aina ya kwanza iliwekewa mapema utaratibu wa kuhifadhi hali ya awali ili iweze kurejeshwa. Aina ya pili ilichelewa kupata ulinzi huo, na katika baadhi ya mifumo haijaupata kikamilifu. Makala yanaonesha kwamba pengo hili lilikuwapo katika daftari na vitambulisho vya karatasi kabla ya kompyuta. Ushahidi unatolewa katika historia ya eneo la Cyangugu, ambalo tangu 2006 linaitwa kiutawala Rusizi, kwenye ncha ya kusini ya Ziwa Kivu. Makala yanahitimisha kwa mapendekezo kuhusu utunzaji wa majina ya zamani ya maeneo, uundaji wa namba za utambulisho, na matumizi ya istilahi za Kiswahili katika fomu za serikali.

Maneno muhimu: hifadhidata, kutendua, muundo, masijala, Rusizi, Cyangugu, istilahi za Kiswahili

1.0 Utangulizi

Mtu aliyezaliwa Kamembe mwaka 1980 alizaliwa katika perefegitura ya Cyangugu. Mwanawe aliyezaliwa Kamembe hiyohiyo mwaka 2010 alizaliwa katika wilaya ya Rusizi, Mkoa wa Magharibi. Hakuna kati yao aliyehama. Ziwa Kivu liko palepale, mto unaotoka ziwani kuelekea Tanganyika unapita palepale, na mji wa Bukavu unaonekana ng'ambo kama ulivyoonekana zamani. Hata hivyo, karani atakayeweka vyeti vya baba na mwana mezani ataona maeneo mawili. Kilichobadilika si mahali walipozaliwa bali jedwali ambamo mahali hapo paliandikwa.

Mabadiliko ya namna hii ni tofauti kabisa na kusahihisha jina lililokosewa herufi. Jina likisahihishwa, jedwali hubaki lilivyo: safu ya jina ipo, na ndani yake neno moja limechukua nafasi ya jingine. Karani makini hupiga mstari juu ya neno la zamani, akaandika jipya pembeni, akatia sahihi na tarehe. Atakayekuja kesho kuuliza palikuwa pameandikwa nini atajibiwa na ukurasa wenyewe. Lakini daftari zima likibadilishwa, safu moja ikaondolewa, nyingine ikapewa jina jipya na ngazi mbili zikaunganishwa kuwa moja, hakuna pembezoni mwa ukurasa panapotosha kuandika palivyokuwa. Kumbukumbu ya hali ya awali haina pa kukaa.

Makala haya yanajadili tofauti hiyo katika sehemu nne. Kwanza yanachambua istilahi ya kutendua katika Kiswahili. Pili yanaeleza kwa ufupi jinsi hifadhidata za kompyuta zilivyolishughulikia suala hili tangu miaka ya 1970. Tatu yanaisoma historia ya masijala za Cyangugu na Rusizi kwa mwanga huo. Mwisho yanajadili maana ya historia hiyo kwa watunga sera.

2.0 Istilahi: Kauli ya Kutendua

Sarufi ya Kiswahili ina kauli mahususi ya kueleza kubatilisha tendo, nayo huitwa kauli ya kutendua. Kwa kiambishi kimoja, funga huwa fungua, ziba huwa zibua, kunja huwa kunjua na tega huwa tegua. Kinyarwanda nacho kina utaratibu huohuo, kama inavyoonekana katika gukinga na gukingura, yaani kufunga mlango na kuufungua. Wafasiri wa programu za kompyuta walipotafuta neno la amri inayorudisha hali ya awali, walichukua tendua. Walipata neno ambalo tayari lilikuwa na maana hiyo katika sarufi.

Kauli hii inafundisha mambo mawili yanayohusu mada ya makala. La kwanza ni kwamba si kila kitenzi hukubali kutenduliwa. Vitenzi vunja, mwaga na ua havina umbo la kutendua. Katua ni neno la Kiswahili, lakini maana yake ni kusugua chombo cha madini hadi king'ae, wala si kurudisha kilichokatwa. Lugha yenyewe imekwisha kutenga matendo yanayorudi nyuma na yasiyorudi.

La pili linahusu jozi ya panga na pangua. Anayepangua vitabu rafuni hajavirudisha katika mpango uliokuwapo kabla havijapangwa. Amevitawanya tu. Ili mpango wa awali urudi, lazima mtu awe ameuandika mahali. Kwa hiyo kutendua kwa maana kamili kunahitaji mambo mawili: tendo la kinyume, na kumbukumbu ya hali iliyotangulia.

Ni vyema pia kutenganisha tendua na tengua. Katika lugha ya sheria na utawala, kutengua uteuzi ni kuukomesha kuanzia siku ya tamko. Siku ambazo mteule alikaa ofisini haziondoki, na sahihi alizotia hubaki. Kutendua katika hifadhidata ni jambo zito zaidi, kwa kuwa hali hurudi kana kwamba tendo halikupata kutokea. Mkanganyiko wa dhana hizi mbili ndio chanzo cha makosa mengi ya kisera. Mara nyingi serikali hutengua muundo wa zamani, kisha maofisa wakaishi kana kwamba umetenduliwa.

3.0 Hifadhidata na Kumbukumbu za Kutendua

Mwaka 1970 E. F. Codd, mtafiti wa kampuni ya IBM, alichapisha makala iliyopendekeza data zipangwe katika majedwali yenye uhusiano wa kihisabati. Katika muongo huo maabara ya IBM ya San Jose ilijenga mfumo wa majaribio ulioitwa System R, na Jim Gray na wenzake wakaweka humo misingi ya muamala. Muamala ni kundi la mabadiliko yanayokubaliwa yote au kukataliwa yote. Fedha zikitoka akaunti moja na mashine ikazimika kabla hazijaingia akaunti nyingine, mfumo unapaswa kurudisha hali ya mwanzo. Ili uweze kufanya hivyo, huandika hali ya zamani kabla ya kuweka mpya. Mwaka 1992 C. Mohan na wenzake wa IBM walichapisha mbinu iitwayo ARIES, iliyoratibu uandishi huo na kuathiri mifumo mingi iliyofuata.

Kumbukumbu ya kutendua mabadiliko ya data ni rahisi kuieleza. Safumlalo mpya ikiingizwa, kinachohifadhiwa ni anwani yake tu, kwa kuwa kuitendua ni kuifuta. Thamani ikibadilishwa, huhifadhiwa thamani ya zamani ya safuwima iliyoguswa. Safumlalo ikifutwa, huhifadhiwa yote. Mfumo wa Oracle, tangu toleo la 6 la mwaka 1988, uliweka kumbukumbu hizi katika maeneo maalumu. Tangu toleo la 9i la mwaka 2001 ulimruhusu mtumiaji kuuliza jedwali lilikuwaje saa kadhaa zilizopita, mradi kumbukumbu hizo hazijafunikwa na mpya. PostgreSQL ilichagua njia nyingine: haina ghala tofauti la kutendua, bali huacha toleo la zamani la safumlalo ndani ya jedwali lenyewe mpaka kazi ya usafi ije kuliondoa.

Mabadiliko ya muundo yana historia nyingine. Maelezo ya majedwali nayo huhifadhiwa katika majedwali, ambayo huitwa kamusi ya data. Kwa nadharia, basi, kubadili muundo ni kubadili data za kamusi, na kumbukumbu za kutendua zingetosha. Kwa vitendo haikuwa hivyo. Katika Oracle, amri ya kubadili muundo huhitimisha muamala ulio wazi kabla ya kutekelezwa, kisha hujihitimisha yenyewe. Mtumiaji hawezi tena kusema rudisha. MySQL kabla ya toleo la 8.0 ilihifadhi maelezo ya kila jedwali katika faili lililokuwa nje ya injini ya data. Mashine ikizimika katikati ya amri, faili lingeweza kusema jambo moja na injini jingine. Toleo la 8.0 la mwaka 2018 liliingiza kamusi ndani ya injini, hata amri ya muundo ikawa inakamilika yote au haikamiliki kabisa. Lakini bado amri hiyo huhitimisha muamala, na mtumiaji hana fursa ya kughairi. PostgreSQL, kwa kuwa kamusi yake ni majedwali ya kawaida yenye matoleo, huruhusu amri nyingi za muundo ziwe ndani ya muamala na zirudishwe, isipokuwa chache kama ile ya kuunda hifadhidata nzima.

Sababu za pengo hili ni tatu. Kwanza ni gharama. Kuondoa jedwali lenye safumlalo milioni moja huandika mistari michache tu katika kamusi, kisha nafasi iliyokaliwa na data hutangazwa kuwa wazi. Kuhifadhi kila safumlalo kwa ajili ya kutendua kungekuwa kazi kubwa kuliko tendo lenyewe. Pili, muundo ni mali ya wote. Muamala wa mtu mmoja ukishikilia muundo bila kuhitimishwa, wengine wote husubiri. Tatu, na hii ndiyo sababu yenye uzito zaidi, kumbukumbu za kutendua husomwa kwa kutumia muundo. Maandishi yasemayo kwamba thamani ya zamani ya safuwima ya nne ilikuwa hii yana maana pale tu inapojulikana safuwima ya nne ni ipi. Muundo ukibadilika, kumbukumbu yaweza kuwapo na isisomeke. Ndiyo maana katika Oracle swali kuhusu hali ya jana hukataliwa iwapo muundo wa jedwali umebadilishwa kwa namna fulani tangu jana.

Baadaye ulinzi uliongezwa kwa njia za pembeni. Toleo la 10g la Oracle, la mwaka 2003, lilileta kapu la taka: jedwali lililoondolewa hupewa jina jingine na kubaki mpaka nafasi yake ihitajike. PostgreSQL inapoondoa safuwima haichomoi data mara moja, bali huweka alama kwamba safuwima hiyo haionekani tena, na thamani zilizokuwamo hubaki hadi safumlalo zitakapoandikwa upya. Katika hali zote mbili kutoonekana si sawa na kutokuwapo. Jambo hili lina uzito wa pekee katika historia ya Rwanda.

4.0 Kutoka Cyangugu hadi Rusizi

4.1 Safu ya ubwoko

Rwanda ilikuwa sehemu ya Afrika Mashariki ya Kijerumani, na Kiswahili kilikuwa miongoni mwa lugha za kazi za utawala huo. Wabelgiji waliichukua nchi mwaka 1916. Miaka ya mwanzo ya 1930, kufuatia sensa, utawala wa Kibelgiji ulianzisha vitambulisho vilivyokuwa na mstari wa kumtaja mwenye nacho kuwa Mhutu, Mtutsi au Mtwa. Kwa lugha ya hifadhidata, hayo yalikuwa mabadiliko ya muundo: safuwima mpya iliongezwa, ikawa ya lazima, na thamani zake zikawa orodha iliyofungwa.

Jina la safuwima hiyo linastahili kuangaliwa. Neno ubwoko katika Kinyarwanda lilitumika kutaja ukoo mkubwa, kama vile Abasinga au Abazigaba, na koo hizo zilikuwa na Wahutu, Watutsi na Watwa kwa pamoja. Kitambulisho kilichukua neno lililokuwapo na kulipa kazi nyingine. Mtu aliyekuwa na jibu moja kwa swali la ubwoko alitakiwa sasa kutoa jibu la aina nyingine kwa swali lilelile. Hapakuwa na neno jipya ambalo lingemfanya msomaji ashtuke. Hii ndiyo aina ya mabadiliko ya muundo iliyo ngumu kuliko zote kuitambua, kwa kuwa lebo hubaki na maana huhama.

Mstari huo uliendelea kuwapo baada ya uhuru wa mwaka 1962. Wakati wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi mwaka 1994, vitambulisho vilikaguliwa kwenye vizuizi vya barabarani, na neno moja lililojazwa katika mstari huo likawa hukumu ya kifo. Cyangugu haikusalimika. Watu waliokusanywa katika uwanja wa Kamarampaka ni sehemu ya kumbukumbu ya mji huo hadi leo. Baada ya 1994 serikali mpya iliondoa mstari wa ubwoko katika vitambulisho.

Uondoaji huo ulikuwa wa haki na wa lazima. Lakini ni lazima uitwe kwa jina lake. Ulikuwa kutengua, haukuwa kutendua. Safuwima iliondolewa kuanzia siku ile na kuendelea. Miaka sitini ambayo mstari ulikuwapo haikufutika, na waliouawa hawakurudi. Zaidi ya hayo, kadi za zamani na maandishi ya tawala za mitaa vilikuwa ushahidi, na bila ushahidi huo ingekuwa vigumu kuonesha mahakamani jinsi mauaji yalivyopangwa na kutekelezwa. Hapa ndipo tofauti kati ya kuficha safuwima na kuichoma inapopata uzito wa kimaadili. Safuwima iliyoondolewa katika matumizi ya kila siku inaweza, na wakati mwingine inapaswa, kubaki katika nyaraka zilizofungwa kwa ajili ya haki na historia.

4.2 Mageuzi ya 2006

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 perefegitura ziligeuzwa kuwa mikoa na komini zikageuzwa kuwa wilaya. Mageuzi makubwa zaidi yalikuja na Sheria Na. 29/2005 ya Desemba 31, 2005. Mikoa 12 ilipungua ikawa minne pamoja na Jiji la Kigali, na wilaya 106 zikawa 30. Chini yake pakawa na imirenge 416 na utugari 2,148. Majina mengi yaliyozoeleka yaliondoka katika ngazi za juu: Butare ikawa Huye, Gisenyi ikawa Rubavu, Kibuye ikawa Karongi, Ruhengeri ikawa Musanze. Eneo lililokuwa mkoa wa Cyangugu likaingia katika Mkoa wa Magharibi, na sehemu yake ya kusini ikawa wilaya ya Rusizi yenye imirenge 18, kuanzia Kamembe na Gihundwe hadi Bugarama, Bweyeye na kisiwa cha Nkombo. Jirani yake wa kaskazini ni wilaya ya Nyamasheke.

Mageuzi haya hayakuwa kubadili jina tu. Lingekuwa jina tu, jedwali dogo lenye mistari miwili, Cyangugu ni Rusizi, lingetosha kutafsiri hati zote za zamani. Lakini Cyangugu ilikuwa mkoa na Rusizi ni wilaya. Aliyezaliwa Cyangugu kwa mujibu wa hati ya 1980 aweza leo kuwa mzaliwa wa Rusizi au wa Nyamasheke. Hati yenyewe haitoshi kuamua, isipokuwa itaje komini na sekta ya zamani na pawepo mtu au orodha inayojua sekta hiyo iliangukia wapi. Muundo mmoja uligawanyika, na kumbukumbu za zamani haziwezi kusomwa kwa muundo mpya bila ufunguo.

Mfano wa Butare unaonesha hatari nyingine. Katika hati za kabla ya 2006, neno hili hutaja perefegitura ya kusini yenye chuo kikuu mashuhuri. Katika orodha ya sasa ya imirenge ya Rusizi, Butare ni umurenge mmojawapo. Programu inayolinganisha majina bila kuuliza ngazi na tarehe yaweza kumhamisha mtu kutoka ukingo mmoja wa msitu wa Nyungwe hadi ukingo mwingine, bila mtu yeyote kuandika uongo. Jina Rusizi nalo ni la wilaya na ni la mto, na mto huo upande wa Kongo huandikwa Ruzizi, kama katika mabwawa ya umeme yaliyojengwa juu yake.

Taasisi nyingine hazikufuata mageuzi. Jimbo Katoliki la Cyangugu, lililoundwa 1981, limebaki na jina lake. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda, iliyokuwa Arusha, ilisikiliza kesi iliyojulikana kama kesi ya Cyangugu. Hukumu ya kwanza ilitolewa Februari 2004, mkoa ukiwa bado upo. Uamuzi wa rufaa ulitolewa Julai 2006, miezi sita baada ya mkoa huo kufutwa. Mahakama iliendelea kusema Cyangugu, nayo ilikuwa sahihi, kwa sababu matendo yaliyochunguzwa yalitendeka chini ya muundo ule, na madaraka ya washtakiwa yalipimwa kwa mipaka ya muundo ule. Kulisoma shauri hilo kwa ramani ya 2006 kungekuwa kulipotosha.

4.3 Namba ya mtu na namba ya kiwanja

Baada ya 2006 Rwanda ilijenga sajili mbili kubwa za kidijitali, na ulinganisho wake una mafunzo. Kitambulisho cha taifa kilichoanza kutolewa 2008 kina namba ya tarakimu 16. Namba hiyo hubeba mwaka wa kuzaliwa, lakini haijengwi juu ya wilaya wala umurenge. Wilaya zikigawanywa kesho, namba ya mtu haitaguswa.

Sajili ya ardhi ilichagua njia nyingine. Mpango wa kitaifa wa kuandikisha ardhi, uliofuata sheria ya ardhi ya 2005, uliingia katika utekelezaji wa nchi nzima mwaka 2009 na katika miaka michache ukapima na kuandikisha zaidi ya viwanja milioni 10. Kila kiwanja kilipewa namba inayofuata ngazi za utawala: mkoa, wilaya, umurenge, akagari, kisha namba ya kiwanja chenyewe. Namba hiyo ina faida kubwa kwa karani, kwa kuwa humwambia kiwanja kiko wapi kabla hajafungua ramani. Lakini imefunga utambulisho wa kiwanja kwa muundo wa 2006. Umurenge mmoja ukigawanywa, kila kiwanja kilichohamia upande wa pili kitahitaji namba mpya, na kila mkataba wa mauzo, rehani ya benki au hukumu ya mirathi iliyotaja namba ya zamani itahitaji ufunguo. Kilichoonekana kuwa mabadiliko ya muundo katika ngazi ya juu kitashuka na kuwa mabadiliko ya data katika maelfu ya hati.

Kwa mkulima wa Nzahaha au Gashonga jambo hili ni la kila siku. Ardhi ndiyo urithi wa watoto na ndiyo dhamana ya mkopo. Katika ugomvi wa mirathi, upande mmoja waweza kuleta karatasi ya komini iliyokuwapo kabla ya mageuzi, na mwingine cheti chenye namba ya sasa. Bila orodha rasmi inayounganisha miundo hiyo miwili, haki huegemea kumbukumbu za wazee, na wazee hawadumu.

5.0 Mjadala

Historia hii inathibitisha hoja tatu. Ya kwanza ni kwamba ulinzi wa data na ulinzi wa muundo ni kazi mbili. Ofisi inaweza kuwa hodari wa kutunza kila sahihisho la jina na tarehe, na bado ikapoteza uwezo wa kusoma kumbukumbu zake siku muundo unapobadilika. Ndivyo hifadhidata zilivyokuwa kwa miaka mingi, na ndivyo masijala nyingi zilivyo.

Ya pili ni kwamba muundo ni maandishi kama maandishi mengine. Somo kubwa la PostgreSQL ni kwamba pale kamusi ya data inapotendewa kama data, yaani ikipewa matoleo na tarehe, kutendua muundo huacha kuwa muujiza. Kwa masijala za umma tafsiri yake ni hii: orodha ya wilaya, imirenge na utugari isiwe orodha moja ya sasa, bali jedwali ambamo kila jina lina tarehe ya kuanza, tarehe ya kukoma, na kiungo kwa jina au majina yaliyolitangulia.

Ya tatu inahusu lugha. Kiswahili kilifanywa lugha rasmi ya Rwanda kwa sheria iliyochapishwa Aprili 2017, kikiungana na Kinyarwanda, Kifaransa na Kiingereza. Rusizi ni mahali ambapo uamuzi huo una maana ya moja kwa moja, kwa kuwa wafanyabiashara huvuka kwenda Bukavu na kurudi, na Kiswahili ni lugha ya biashara hiyo. Lakini kuongeza lugha katika fomu ni kubadili muundo. Umurenge uitweje? Nchini Tanzania tarafa iko juu ya kata. Mfasiri mmoja akiandika kata na mwingine tarafa, msomaji wa Tanzania ataelewa ngazi mbili ambapo Rwanda ina moja. Kilichotokea kwa neno ubwoko kinatahadharisha: neno linalofahamika likibebeshwa maana ya ngazi nyingine, kosa halionekani, kwa sababu hakuna neno geni la kumshtua msomaji. Hatari hiyo inakua katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo Rwanda iliingia 2007 na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo 2022, kwa kuwa sajili za nchi jirani zinatarajiwa kuzungumza.

Pingamizi moja linastahili kujibiwa. Yaweza kusemwa kwamba kuhifadhi muundo wa zamani ni kuhifadhi ubaya wake, na kwamba majina na safu za zamani zilibeba mgawanyiko ambao taifa limeamua kuachana nao. Hoja hii ni nzito kuhusu safu ya ubwoko, na makala haya hayapendekezi irudi katika sajili yoyote inayotumika. Lakini kuhifadhi kumbukumbu ya kutendua si kutendua. Ghala lililofungwa, lenye kanuni za nani aruhusiwe kusoma na kwa sababu gani, halirudishi safu kizuizini. Huzuia jambo jingine: mtu kusimama kesho akadai kwamba safu hiyo haikuwapo.

6.0 Hitimisho na Mapendekezo

Hifadhidata zilianza kwa kulinda thamani zilizojazwa, zikachelewa kulinda umbo la jedwali. Masijala za Cyangugu na Rusizi zilipitia historia inayofanana, kwa gharama kubwa zaidi ya ile ya mashine. Kutokana na uchambuzi huu, makala yanapendekeza mambo manne.

Kwanza, pawepo orodha rasmi ya kitaifa inayounganisha vitengo vya utawala vya kabla ya 2006 na vya sasa hadi ngazi ya chini inayowezekana, na orodha hiyo itambulike mahakamani. Kazi hii ifanywe sasa, wakati waliotumikia ofisi za zamani bado wapo.

Pili, namba za utambulisho zitakazobuniwa zisijengwe juu ya ngazi za utawala. Pale zilipokwisha kujengwa hivyo, kama katika ardhi, namba ya zamani ihifadhiwe daima kando ya mpya.

Tatu, kila amri ya kubadili muundo wa sajili, iwe sheria ya Bunge au amri ya kompyuta, iambatane na maelezo ya namna kumbukumbu za zamani zitakavyosomwa baada yake. Sheria isemayo nini kinafutwa iseme pia kilichofutwa kinahifadhiwa wapi.

Nne, katika fomu za Kiswahili nchini Rwanda, majina ya ngazi yabaki umurenge, akagari na umudugudu, na maneno kama kata au tarafa yatumike katika maelezo tu. Tafsiri ya jina la ngazi ni mabadiliko ya muundo, na inapaswa kuamuliwa mara moja, na chombo kimoja, kwa maandishi.